Kamusi ya mtumba, pampu iliyoungua na neno "run"

Bei: shilingi 18,000, baada ya kubembelezana kutoka 30,000. Mahali: pembeni mwa barabara maeneo ya Posta, Dar es Salaam, kwa wale vijana wanaopanga vitabu vya mtumba chini juu ya turubai. Hali: jalada la mbele halipo, kurasa za mwanzo zinazotaja mchapishaji na mwaka hazipo, na kuna pengo jingine nitakalolisema mbele. Kwa hiyo msiniulize ni toleo la ngapi. Ni kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza, ile aina wanayotengenezewa wanaojifunza lugha, nene kama tofali la kuchoma.

Mimi ni fundi wa pampu za maji na jenereta, mwaka wa ishirini na sita huu. Kununua kamusi hakukuwa kwenye mipango yangu. Kilichonipeleka pale ni sili ya pampu, ile inayozuia maji yasivuje, iliyoungua Kigamboni.

Kuna mama mmoja huko ana nyumba ya wageni ya vyumba tisa. Tulimfungia pampu ya hosi pawa moja, inavuta maji kwenye tenki la chini na kuyapandisha kwenye simtanki mbili zilizo juu ya mnara. Mhandisi aliyechora mfumo alituma karatasi moja ya maelekezo, ya Kiingereza, na mstari wa mwisho ulituagiza kwamba kabla ya kukabidhi kazi tufanye "a dry run" ya hatua za kuwasha, mwenye nyumba akiwepo. Siku hiyo nilikuwa Mbezi kwenye jenereta iliyogoma, nikamtuma kijana wangu. Boza la maji lilikuwa halijafika. Tenki la chini lilikuwa kavu kiasi kwamba mjusi angezunguka humo asilowe.

Kijana si mjinga, nataka hilo lieleweke. Aliyaandika yale maneno mawili kwenye programu ya kutafsiri ya simu, ikamletea "uendeshaji mkavu". Akainua macho ukutani, kwenye kisanduku cha kuongozea pampu, akakuta kimeandikwa kwa herufi kubwa DRY RUN PROTECTION. Akaunganisha mambo: kumbe tunatakiwa tuiendeshe kavu ili mama aone kinga inavyofanya kazi. Mimi nikiwa na miaka yake 22 ningewaza hivyohivyo. Shida ni kwamba floti ya tenki la chini, swichi inayoelea na kukata umeme maji yakiisha, ilikuwa bado haijafungwa waya, kwa hiyo kinga ilikuwa maandishi tu. Akawasha. Akamweleza mama hatua kwa hatua, swichi hii, valvu ile, kwa upole kama nilivyomfundisha, dakika kumi hivi, mpaka mama akauliza harufu ya mpira unaoungua inatoka wapi.

Kwa wasiojua: sili ya pampu ina nyuso mbili zinazosuguana muda wote, na maji yanayopita hapo ndiyo mafuta yake na ndiyo feni yake. Ukiyaondoa, dakika chache tu zinatosha. Sili mpya, nauli ya kwenda Kariakoo na kurudi kwa pantoni, na siku nzima ya kufungua na kufunga, vyote vilitoka mfukoni mwangu. Mama hakupandisha sauti. Alisema tu, "Fundi, mimi nilidhani ndivyo inavyonukia ikiwa mpya," na maneno hayo yaliniuma kuliko matusi.

Sasa oneni mtego wenyewe. Kwenye kisanduku, "dry run" ni pampu kuzunguka bila maji, balaa linalotakiwa kuzuiwa. Kwenye barua, "dry run" ni mazoezi: mnapita hatua zote kwa maneno na vidole, hakuna kinachowashwa, kama watu wanaopanga foleni ya harusi siku moja kabla bwana harusi hajavaa suti. Maneno yaleyale mawili, kazi ileile, ukuta uleule, na moja linakukataza lile ambalo jingine linaonekana kukuamuru.

Jirani yangu mwalimu mstaafu wa Kiingereza aliposikia kisa alicheka mpaka akakohoa. Akaniambia maana ile ya mazoezi ilianzia kwa wazima moto wa Marekani, karne ya 19, waliokuwa wakishindana kukimbiza magari yao na kutandaza mipira bila kufungua maji. Mazoezi ya watu wa pampu! Kisha akaniambia, "Wewe hukosi Kiingereza, unakosa kamusi ya wanafunzi. Na ukienda kuinunua, usitazame picha. Fungua neno 'run'."

Ndivyo nilivyofanya. Nilichuchumaa pale kwenye turubai nikafungua "run" kwenye kamusi nne, moja baada ya nyingine. Muuzaji alivumilia mbili za kwanza. Ya tatu akasema, "Mzee wangu, vitabu vyote hivyo unavisoma hapahapa?" Nikamwambia nasoma neno moja. Akaniangalia kama mtu anayekagua kama nimeshakula.

Mbili zilikuwa zile ndogo za mfukoni, Kiingereza kwa Kiswahili. Zilinipa kimbia, endesha, tiririka, basi. Sizilaumu, zimetengenezwa kwa mwanafunzi wa darasa la sita na bei yake ni ya soda chache. Ya tatu ilikuwa ya maneno ya sheria. Ya nne ndiyo hii.

Humu "run" inaanzia katikati ya ukurasa wa kushoto, inajaa ukurasa wa kulia, unageuza na bado ipo. Nilidhani ni kosa la uchapaji. Kila maana ina namba yake, na mbele ya namba kuna neno dogo linalokuambia upo mtaa gani: hapa mbio za miguu, hapa biashara, hapa mashine, hapa mabasi na treni, hapa maji, hapa rangi, hapa uchaguzi. Unapita ukisoma vibao kama unavyosoma vibao vya daladala, huna haja ya kupanda kila gari ili ujue la Mbagala ni lipi. Siku ya pili nilikaa na penseli nikahesabu, kitenzi na nomino pamoja, nikavuka arobaini kabla sijafika kwenye misemo. Kijana alikuwa ananihesabia kwa vijiti vya kiberiti, akaishiwa vijiti. Hiyo nayo ni "run", run out, ipo kwenye fungu lake peke yake huko chini pamoja na run into, run over, run down na ndugu zao.

Kilichonifanya niheshimu kitabu hiki ni mifano. Kila maana imepewa sentensi, na sentensi ndiyo inayokupa maana, namba ni mapambo. Chukueni "run dry". Kwenye kitabu cha pampu imeandikwa usiache pampu "run dry", yaani izunguke bila maji. Lakini kisima nacho kinaweza "run dry", na hapo hakuna mota, hakuna kinachozunguka, kisima kimekauka tu. Kamusi imeiweka hiyo peke yake, ikaeleza kwamba hapo "run" maana yake ni kuwa, kugeuka kuwa hali fulani. Miaka 26 nimekuwa nikisoma maneno haya mawili kwenye makaratasi ya visima na ya pampu nikidhani ni jambo moja. Kwa bahati nzuri kisima kikikauka na pampu nayo hukauka, kwa hiyo kosa langu halikuwahi kunigharimu. Ujinga mwingine una bahati yake.

Kwenye makaratasi ya kazi yangu neno hili limejaa kama mchwa. "Cable run" ni njia ya waya tangu kwenye meni swichi hadi kwenye mota, na ikiwa ndefu mno umeme unafika umechoka, lazima uongeze unene wa waya. Hakuna anayekimbia hapo na hakuna kinachoendeshwa. Waya umelala ndani ya bomba lake mwaka mzima. Kamusi inayo maana hiyo: kitu kunyoosha kutoka hapa kwenda pale, barabara, ukuta, mto. Kwa Kiswahili tunasema barabara inapita, waya unapita, na wao wanasema unakimbia. Kumbe hata sisi huwa tunautembeza waya, "nimeupitisha waya juu ya dari", na waya hauna miguu.

Halafu kuna kapasita, kile kifaa kinachotunza umeme kwa muda. Baadhi ya mota za fezi moja za pampu zina mbili, "start capacitor" na "run capacitor". Ile ya kwanza ni ya kuwashia, inatoa msukumo kisha inakatwa mota ikishashika kasi. Ya pili inabaki kwenye mzunguko muda wote mota inapofanya kazi. Ukikosea ukaiacha ile ya kuwashia ibaki ndani, itapata moto na kupasuka. Programu ya simu iliniambia "kapasita ya kukimbia", nikamwona kijana anaitazama ile kapasita kwa mashaka. Kamusi hii haina jina hilo, niseme ukweli. Lakini chini ya maana ya mashine ina maelezo kwamba kitu kinachofanya kazi "is running", na ukiwa na akili ya kawaida unafika mwenyewe.

Niwe mwadilifu kwa simu. Nikiipa sentensi nzima inajitahidi, mara nyingine inapatia kabisa. Inapotea ukiipa neno moja au mawili, na sisi mafundi ndivyo tunavyoitumia, maana tunakutana na maneno yamebandikwa kwenye vibati, "RUN", "RUN HOURS", bila sentensi. Programu inakupa jibu moja kwa sauti ya uhakika. Kamusi inakupa maana zaidi ya arobaini na kukuambia chagua. Mwanzoni hilo linakera. Baada ya sili ya Kigamboni, mimi napenda kuambiwa chagua.

Niliporudi kumkabidhi mama pampu yake, kamusi ilikuwa kwenye mfuko wa spana. Nikamwonyesha lile neno lililotuponza. Akacheka, akanipa kisa chake. Mgeni mmoja, mzungu mtu mzima, alikuja mapokezi asubuhi akamwambia binti wa zamu kwamba ana "the runs". Binti, kwa ukarimu wote, akamtoa nje akamwonyesha njia ya ufukweni ambako watu hufanya mazoezi ya kukimbia alfajiri. Mgeni akamtazama. Akarudi chumbani kwa hatua fupifupi. Ni mama mwenyewe aliyeelewa saa mbili baadaye, alipoona karatasi za chooni zinaombwa mara ya tatu. Ilikuwa tumbo la kuendesha.

Na hapo ndipo nilipoacha kuwacheka Waingereza. "Anaendesha." Kwetu mtu huyo ama ana gari ama ana tumbo, na msikilizaji anajua lipi kwa kutazama kama amekaa au anakimbilia uani. Yaani katika lugha zote mbili, kuendesha mashine na kuharisha vimeangukia neno moja, bila ya mmoja kumuuliza mwenzake. Kamusi inayo "the runs", mwisho kabisa, imewekewa alama ya maneno ya mazungumzo, msiitumie ofisini. Mama aliniomba nimwandikie kwenye karatasi, akaibandika mapokezi chini ya meza. Tulipokuwa hapo akanionyesha na kibandiko cha shuka mpya alizonunua, "colours may run", alichokuwa amekipuuza. Zilikuwa zimeshatoa rangi. Mito miwili myeupe ilikuwa ya waridi.

Niliporudi nyumbani na kumsimulia mwalimu, akanieleza habari za kamusi ile kubwa ya Oxford, ya majuzuu, ambayo hii yangu kwake ni kifaranga. Kwa miaka mingi humo bingwa wa wingi wa maana alikuwa "set": toleo la 1989 lilimpa maana 430 hivi. Walipoanza kuiandika upya, mwaka 2011 ikatangazwa kwamba "run" amempita, kitenzi peke yake maana 645. Mhariri aliyepewa kazi hiyo, Peter Gilliver, alikaa na neno hilo moja miezi kama tisa. Mke wangu alikuwa anachambua mchele, akasema huo ni muda wa kuleta mtoto.

Mwalimu anasema wanaolichunguza wanazitaja mashine: zilipokuja treni, saa, viwanda, na sasa kompyuta, zote zilihitaji kitenzi, na "run" alikuwa amesimama karibu. Mimi fundi naiamini sababu hiyo bila kusoma zaidi. Kwetu aliyesimama karibu ni piga. Pasi inapigwa, simu inapigwa, deki inapigwa, mswaki unapigwa, na kura, na hodi, na picha, na hakuna anayeumia. Siku mzungu akiuziwa kamusi ya Kiswahili pale Posta, namshauri afungue "piga" kabla ya kutoa hela.

Mojawapo ya kamusi za mwanzo za aina hii, kwa alivyonieleza, haikuzaliwa Uingereza. A. S. Hornby alikuwa anafundisha Kiingereza Japani, na yeye na wenzake wawili wakaitoa Tokyo mwaka 1942. Oxford wakaichapisha upya mwaka 1948. Longman, wachapishaji wengine, nao walipotoa ya kwao mwaka 1978 walijifunga kueleza kila neno kwa maneno ya kawaida kama 2,000 tu. Unaliona hilo ukisoma hii yangu: maelezo hayakurushi kwenye neno gumu kuliko ulilokuja nalo. Kijana wangu, aliyeishia kidato cha nne na matokeo ambayo hayataji, anaisoma bila kuniuliza. Mara chache anakwama kwenye mifano, kwa sababu mifano ni ya kwao: "runs" za kriketi, yaani pointi za mchezo huo, zimechukua nafasi kubwa, na kriketi yeye aliiona mara moja tu tulipokuwa tunatengeneza jenereta ya mzee mmoja Upanga, televisheni imewashwa, mzee anahesabu "runs" na sisi tunadhani anahesabu saa za injini.

Kasoro nyingine. Maandishi ni madogo, nililazimika kununua miwani ya kusomea, shilingi 5,000, kwa hiyo jumlisheni kwenye bei. Uzito: haifai kupanda nayo mnara wa tenki. Karatasi zake nyembamba kama za sigara zinashika grisi, ukurasa wa "pump" tayari una alama ya kidole gumba changu na nadhani itabaki hapo mpaka nizikwe. Haina Kiswahili hata chembe, kwa hiyo asiye na msingi wa Kiingereza atazunguka humo kama kuku kwenye gunia. Nyota nne kati ya tano, na kwa fundi anayepokea makaratasi ya Kiingereza kila wiki ningesema bora ununue hii kabla ya drili ya pili.

Nyota ya tano imekatwa kwa lile pengo. Nililigundua siku niliyopata pampu yenye kidhibiti cha mgandamizo, imeandikwa "set pressure", "reset" na "set point", na kando yake jenereta imeandikwa "generating set". Nikafungua S kwa kujiamini. Kurasa zimechanwa, safi kabisa, kutoka "serve" hadi "shake". Yaani yule bingwa wa zamani wa maana 430 hayumo nyumbani.

Nilirudi Posta kulalamika. Muuzaji alinikumbuka, "Mzee wa neno moja!" Akaipekua, akakubali pengo lipo, akasema mzigo ule aliununua kwa mama mmoja Ilala aliyekuwa anauza vitabu kwa kilo, na kwamba jirani yake huyo mama ni muuza karanga. Hela hakurudisha. Alinipa daftari la kurasa 48 bure.

Tangu siku hiyo nikinunua karanga za kufungwa kwenye karatasi, namimina mkononi kwanza, kisha naikunjua karatasi. Wiki iliyopita nilipata ukurasa wa hesabu za darasa la nne.